Kazi za Kwanza za Mwandika Herufi wa Leipzig



Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za kazi moja ambayo kila ajuaye kusoma huifaidi kila siku, walakini ni wachache waijuao hata kwa jina. Ni kazi ya yule mtu apangaye maneno na picha juu ya karatasi kabla mpiga chapa hajatia wino. Yeye ndiye aamuaye herufi ziwe nene au nyembamba, jina la kitabu likae katikati au kando, na weupe uachwe kiasi gani kati ya mstari na mstari. Akifanya vema, msomaji hamwoni. Husoma tu, akaenda zake. Akifanya vibaya, msomaji huchoka macho wala asijue kilichomchosha.

Twaona ni afadhali kumfuata mtu mmoja tangu utoto wake, tukazitazama kazi alizozifanya alipokuwa mwanafunzi na katika miaka yake ya kwanza ya kujitegemea, kuliko kuisifu kazi yenyewe kwa maneno ya jumla. Tumemchagua Jan Tschichold, Mjerumani wa mji wa Leipzig, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1902. Alianza kwa kusomea ualimu, nasi walimu hupenda kujua yaliyowapata wenzetu. Tena, mtu huyu alipokuwa kijana aliandika kitabu kilichosomwa na wapiga chapa wa nchi nyingi. Kisha, alipopata umri, akasema waziwazi kwamba mengi ya yale aliyoyafundisha humo hakuyakubali tena. Si wengi wawezao kusema hivyo, na hasa si wengi katika sisi tusimamao mbele ya ubao.

Baba yake alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka. Basi mtoto alikua katika harufu ya rangi, akimwona mzee wake akishika brashi na kuvuta herufi moja moja juu ya mbao na vioo. Na Leipzig siku zile ulikuwa mji wa vitabu: humo walikaa wenye kupiga chapa, wenye kujalidi, wenye kuyeyusha risasi na kufanya herufi, na wauzaji wa vitabu wa Ujerumani yote. Mwaka 1914 palifanywa hapo maonyesho makubwa ya mambo ya vitabu yaliyoletewa vitu na mataifa mengi, na mtoto huyu wa miaka kumi na miwili alikwenda kuyatazama mara nyingi.

Alipenda kuwa mchoraji wa picha. Wazazi wake walisema kazi hiyo haina riziki ya hakika, kama wazazi wasemavyo mahali pote, wakapatana naye awe mwalimu wa kuchora. Kwa hiyo mwaka 1916 alipelekwa katika chuo cha ualimu katika mji mdogo wa Grimma, akakaa huko miaka mitatu. Hatuna habari nyingi za masomo yake ya darasani. Tunalojua ni kwamba katika saa zake mwenyewe alivisoma vitabu viwili vya mafundisho ya kuandika, kimoja cha Mwingereza Edward Johnston, kilichokuwa kimefasiriwa kwa Kijerumani, na kimoja cha Rudolf von Larisch wa Vienna.

Yafaa tueleze kidogo alichokifundisha Johnston, maana humo ndimo ulimo msingi wa habari yetu. Katika Ulaya ya siku zile watu wengi waliozoea kalamu za chuma zenye ncha kali walikuwa wamesahau jinsi herufi zao zilivyozaliwa. Johnston alivirudia vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono kabla ya mitambo ya kupiga chapa, akavichungua, akaona kwamba waandishi wale walitumia kalamu iliyokatwa ncha pana kama patasi. Kalamu kama hiyo ikishikwa kwa pembe moja isiyobadilika, mstari ushukao huwa mnene na mstari upandao kwa mshazari huwa mwembamba, pasipo mwandishi kukaza mkono wala kulegeza. Unene na wembamba wa herufi, kumbe, si pambo lililobuniwa na mtu. Ni alama ya chombo kilichotumika. Wazee wetu wa pwani waandikao kwa herufi za Kiarabu wasingalistaajabu kusikia hayo. Wao walijua siku zote kwamba utete usipokatwa vizuri, hapana mkono uwezao kuiponya hati.

Mwaka 1919, naye ana miaka kumi na saba, aliwaambia wazazi wake kwamba ualimu wa kuchora haumtoshi. Akaruhusiwa kuingia katika chuo cha sanaa za kuchora na kazi za vitabu kilichokuwapo Leipzig kwao. Mwalimu wake wa hati alikuwa Hermann Delitsch. Hapo alijifunza kuandika, kuchonga juu ya mbao na shaba, na kujalidi vitabu. Alikwenda pia Dresden kwa muda, kisha akarudi.

Kazi alizozifanya miaka ile zilikuwa nini? Aghalabu zilikuwa karatasi za kuigiza hati za kale. Mwanafunzi huwekewa mfano, naye huufuata, herufi kwa herufi, mpaka mkono uelewe kile ambacho kichwa kimekwisha kukisikia. Twajua kwamba katika siku zetu kuigiza kwadharauliwa na wengi, nao husema kwamba mtoto aachwe atoe yaliyo ndani yake. Haya, na aachwe. Lakini sisi tuliokaa miaka mingi na vijana wanaojiandaa kuwa walimu tumeona kwamba asiyewahi kufuata herufi ya mtu mwingine kwa uaminifu hajui hata yake mwenyewe imepindia wapi. Tschichold alifuata. Alifuata vizuri hata mkuu wa chuo, Walter Tiemann, mwaka 1921 akampa darasa la jioni la kuandika herufi alifundishe. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Pamoja na kufundisha ilimpasa ale. Maonyesho ya biashara ya Leipzig yalivuta wachuuzi kutoka kila upande, na kila mchuuzi alitaka tangazo. Kati ya 1921 na 1925 kijana huyu aliandika kwa mkono mamia ya matangazo ya maonyesho hayo. Hizo zilikuwa nyakati za taabu kuu: fedha ya Ujerumani ilipoteza thamani hata katika Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki 4,200,000,000,000. Mtu aliyekuwa na kazi ya mkono, watu wakaihitaji, alikuwa na heri. Mwaka ule ule wa 1923 alianza kuwapangia kurasa wapiga chapa wa Fischer & Wittig. Jambo hili latajwa kwa haraka, lakini lilikuwa geni. Aliyekuwa akipanga kurasa kwa desturi ni fundi mwenyewe wa matbaa, aliyezoea risasi tangu utoto, ama mchoraji aliyeitwa kutoka nje asiyejua risasi ni nini. Huyu alikuja na ujuzi wa kalamu, akakaa katikati ya wale wawili.

Sasa twafika penye mgeuko. Katika mji wa Weimar palikuwa na shule mpya iliyoitwa Bauhaus, iliyofunguliwa na Walter Gropius mwaka 1919, yenye kuwafundisha wachoraji, wajenzi na mafundi chini ya paa moja. Wakati wa kiangazi cha 1923 shule hiyo ilifanya maonyesho yake. Tschichold alikwenda, akaona karatasi zilizopigwa chapa kwa herufi nene zisizo na vijiguu, mistari mizito ya rangi nyekundu na nyeusi, maneno yaliyotupwa upande mmoja wa ukurasa na upande wa pili ukaachwa mweupe mtupu. Akarudi nyumbani na moyo uliotikisika. Alivutwa pia na kazi za mafundi wa Urusi, hasa El Lissitzky, hata akaliacha jina lake la ubatizo, Johannes, akajiita Iwan.

Ili msikilizaji aelewe kwa nini alitikisika, inampasa ajue jinsi kitabu cha Kijerumani kilivyokuwa. Vingi vilipigwa chapa kwa zile herufi za kale zenye pembe nyingi, zionekanazo kama zimevunjwa-vunjwa, ambazo mgeni huzisoma kwa shida. Na ukurasa wa jina la kitabu ulipangwa kama mtu asimamaye wima mbele ya mpiga picha: maneno yote katikati, kulia sawa na kushoto. Hayo yalikuwa mazuri kwa kitabu cha sala. Lakini ulimwengu ulikuwa umeanza kujaa matangazo, bei za bidhaa, ratiba za treni, fomu na barua za biashara, navyo vyote vilivikwa nguo ile ile, na mapambo juu yake. Kijana akauliza: je, msomaji mwenye haraka aanze kusoma wapi?

Mwezi wa Oktoba 1925 alipata nafasi ya kujibu swali lake mwenyewe. Gazeti la wapiga chapa lililoitwa Typographische Mitteilungen lilimwachia toleo zima alisimamie. Alilipiga chapa kwa wino mwekundu na mweusi, akatia humo kazi za Lissitzky na wenzake, na makala yake mwenyewe kama amri za mwalimu mkali. Mpango wa maneno ufuate maana ya maneno. Lililo kuu lionekane kuwa kuu. Weupe wa karatasi si mahali palipobaki. Ni sehemu ya kazi. Mapambo yaondoke. Herufi ziwe zile zisizo na vijiguu, yaani zisizo na vile vikanyagio vidogo miguuni na vichwani mwa herufi. Gazeti hilo halikusomwa na wachoraji peke yao. Lilifika mikononi mwa mafundi wa kawaida katika matbaa za nchi nzima, nao wengi walikasirika. Mwenye toleo alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Mwaka uliofuata Paul Renner alimwita kuja kufundisha Munich, katika shule ya wapiga chapa. Hapo jina lilibadilika tena. Iwan lilikuwa jina la Kirusi mno kwa watu wa Bavaria, wasiopenda siasa za Urusi, basi akawa Jan. Twacheka kidogo, lakini si mchezo mtupu: jina liliweza kumfunga mtu nje ya darasa.

Katika Munich alifanya zile kazi za ujana wake ambazo watu hazikuwatoka akilini, ndizo mabango ya sinema iliyoitwa Phoebus-Palast, ya mwaka 1927. Bango moja lilitangaza filamu ya Buster Keaton, lingine filamu iitwayo Die Frau ohne Namen, yaani Mwanamke Asiye na Jina. Katika hili la pili maneno hayakukaa sawa kwa sawa. Yalikwenda mshazari, na vipande vya picha za kamera vilitiwa ndani ya mpango. Mchoraji wa desturi angalichora uso wa bibi akilia. Tschichold hakuchora uso. Alichukua vitu vilivyokuwapo, mistari, picha na herufi, akavipanga hata jicho likavutwa kutoka pembe moja ya karatasi mpaka nyingine. Mtu apitaye njiani haombwi asimame asome. Husoma akiwa katika mwendo. Kwa maoni yetu hakufanya kitu kizuri kuliko mabango yale katika miaka hiyo yote, wala hatukubaliani na wasemao kwamba ni ubaridi mtupu.

Kisha mwaka 1928 kikatoka kitabu chake, Die neue Typographie. Kiliandikwa kwa ajili ya mafundi, nacho chaonyesha kwa mifano barua, kadi, matangazo na magazeti, hili lifanywe, lile lisifanywe. Humo alizisifu pia karatasi za vipimo maalum zilizokuwa zimeamriwa Ujerumani mwaka 1922, ambazo kila moja ikikunjwa katikati hutoa ndogo yake yenye umbo lile lile. Karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297, ambayo twaandikia barua katika maofisi yetu leo, ni ya ukoo huo. Basi hata aliye mbali kabisa na Leipzig ana kipande cha habari hii mezani pake.

Walakini tusomapo mafundisho yale leo, twaona neno moja linalotutia mashaka. Kijana hasemi, “Hivi ni vizuri kwa kazi fulani.” Asema hivi ndivyo, na vingine vyote ni uongo wa nyakati zilizopita. Herufi zisizo na vijiguu peke yake. Mpango wa kando peke yake. Sisi walimu twaijua sauti hiyo. Ni sauti ya mwanafunzi hodari katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, naye aghalabu huwa na haki nusu.

Mwezi wa Machi 1933, baada ya chama cha Hitler kushika serikali, walikuja kumkamata. Watawala wapya waliyaona mambo yale ya sanaa kuwa ni ya Kibolsheviki. Mkewe Edith alikamatwa pia kwa muda mfupi. Yeye alifungwa kwa majuma kadhaa, akapoteza kazi yake ya kufundisha, na alipofunguliwa walitoka pamoja na mtoto wao mdogo wakahamia Basel, katika nchi ya Uswisi. Mtu aliyekuwa akiwafundisha wapiga chapa wa Ujerumani yote akaanza tena kwa kazi ya nusu siku.

Huko Basel, mwaka baada ya mwaka, alianza kuzipanga kurasa za vitabu kwa njia ile aliyoikataa: jina katikati, herufi za kale zenye vijiguu. Watu wakashangaa. Mwaka 1946 msanifu mmoja wa Uswisi, Max Bill, alimshambulia katika maandishi, akimhesabu kama mtu aliyeisaliti imani. Tschichold alijibu. Katika jibu lake alisema jambo lililo zito kuliko ugomvi wa herufi: kwamba ile hali ya kutovumilia iliyokuwa katika mafundisho ya ujana wake, kule kutaka kila kitu kishike amri moja, ilifanana na roho ile ile iliyowapeleka Wajerumani kwa Hitler na vitani. Tutazame ni nani asemaye. Ni yule waliyemtia kifungoni. Alikuwa na kila sababu ya kusema, “Wao walikuwa wabaya, mimi nilikuwa mwema”. Akatafuta mbegu ya ubaya ule katika karatasi zake mwenyewe.

Hata hivyo twaona alijihukumu kupita kiasi. Bango la sinema halimlazimishi mtu kwenda vitani. Ratiba ya treni iliyopangwa kwa usafi haimdhuru msafiri. Yeye mwenyewe alikiri kwamba njia ile mpya yafaa kwa matangazo na mambo ya biashara; alichokikataa ni kuitumia kwa kila kitabu, hadithi na mashairi pamoja. Kosa la kijana lilikuwa katika lile neno “peke yake.”

Na ni kazi gani ya ujana wake ambayo hakuikana wakati wowote? Ni zile karatasi za kuigiza hati alizoziandika mbele ya Delitsch. Mwaka 1947 aliitwa Uingereza kusimamia sura ya vitabu vya Penguin, vile vitabu vya bei nafuu vilivyoanzishwa na Allen Lane mwaka 1935. Akakuta kila matbaa inapanga herufi kwa desturi yake. Aliandika kanuni za kurasa nne tu, akazipeleka kwa wapangaji wote, na mpaka alipoondoka mwaka 1949 vitabu zaidi ya 500 vilikuwa vimepita mikononi mwake.

Moja katika kanuni hizo yahusu maneno yaandikwayo kwa herufi kubwa tupu. Ukizipanga herufi kubwa bila kuzigusa, I na N hubanana, bali L na A huacha shimo kati yao, maana L ina uwazi juu na A imelala kando. Vipande vya risasi vyote vimekaa sawa, kipimo cha fundi chasema ni sawa, lakini jicho lasema si sawa. Basi Tschichold aliamuru herufi kubwa zitengwe kwa vipande vyembamba sana vya madini, hapa zaidi na pale kidogo, mpaka jicho litulie. Mafundi walinung’unika, kwa kuwa hapana rula iwezayo kuifanya kazi hiyo. Naye alizirudisha karatasi za majaribio mara kwa mara, amezitia alama kwa kalamu, kama mwalimu wa jioni arudishavyo madaftari.

Msikilizaji aliye na kitabu cha Penguin cha mwaka 1948 au 1949 nyumbani na akifungue usiku huu penye ukurasa wa jina. Asiyasome maneno kwanza. Na atazame weupe ulio kati ya herufi kubwa, moja baada ya moja, kutoka kushoto mpaka kulia.